UZI: Götz von Berlichingen, kabaila mdogo wa Kijerumani, mkono wake wa chuma na barua zake za vitisho

fundi_springi

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi magari, historia siyo kazi yangu. Ila niliishi Ujerumani miaka kadhaa, pande za Heilbronn, na Jumapili moja mwenzangu wa gereji akanipeleka kijiji kinaitwa Jagsthausen, kando ya mto Jagst. Kuna ngome pale, na ndani ya ngome kuna kabati la vioo lenye mikono miwili ya chuma. Mwenzangu alikuwa na njaa, anataka twende tukale. Mimi niliinama kwenye kile kioo mpaka mlinzi akaanza kunizunguka.

Tangu siku hiyo nasoma habari za mwenye mikono ile. Kila ninayemsimulia anataka apewe upanga na damu. Vipo, nitavileta. Lakini nimezidi kuona kwamba huyu bwana aliishi kwa karatasi zaidi ya upanga: barua, viapo, makubaliano, fidia. Nitaandika kwa vipande, msiniharakishe, akija mteja napotea kidogo.

Alizaliwa mwaka 1480 hivi. Baba Kilian von Berlichingen, mama Margaretha wa ukoo wa Thüngen. Ni kabaila, ndiyo, lakini msimfikirie mtu wa kasri la dhahabu. Hawa walikuwa watu wa kijiji kimoja hapa, sehemu ya kijiji kingine kule, kinu, kipande cha msitu, na haki ya kuchukua fungu katika mavuno ya wakulima. Baba akifa, watoto wa kiume wanagawana, na Götz alikuwa na kaka zake wakubwa. Fanya hesabu mwenyewe vinabaki visaga vingapi vya ngano.

Kisheria daraja lao lilikuwa la ajabu. Juu ya kabaila wa namna hii hakuna bwana ila Kaisari mwenyewe. Hapo hapo hana kiti kwenye baraza la dola, na amezungukwa na watu wazito: maaskofu wenye majimbo yao, watawala wakubwa, na miji ya wafanyabiashara kama Nürnberg, wote wana mizinga na makarani. Heshima tele, mfukoni upepo.

Kitoto walimpeleka shule Niedernhall, kwenye mto Kocher. Alikaa kama mwaka tu, ikamshinda. Mwenyewe anakiri uzeeni kwamba akili yake ilikuwa kwenye farasi. Hapa nichomekee kidogo: neno letu "shule" tulilichukua kwa hao hao Wajerumani. Na ukipanda huo mto Kocher kwenda juu, unaukuta mji wa Schwäbisch Hall, ambao senti zake ndogo ziliitwa Heller kwa jina la mji. Mwaka 1904 Wajerumani wakaleta Heller kwenye koloni lao huku kwetu, ndiyo hela tunayoitafuta kila siku. Kwa hiyo mto mmoja una shule iliyomshinda Götz na hela iliyomsumbua maisha yote.

Basi mzee mmoja wa ukoo, Konrad, akamchukua awe kijana wake wa kumtumikia safarini. Mwaka 1495 wakaenda Worms kwenye baraza la dola. Götz ana miaka kumi na mitano hivi, anashika hatamu za farasi wa mzee. Na kwenye baraza lile lile, Kaisari Maximilian na watawala wakapitisha sheria ya amani ya milele, kwamba kuanzia leo ni marufuku mtu kumpiga mwenzake vita binafsi, mwenye dai aende kwenye mahakama kuu mpya ya dola.

Yaani kazi atakayoifanya miaka yote inayofuata ilipigwa marufuku yeye akiwa pale pale nje, anasubiri na farasi.

Naenda kufunga gereji, narudi.

Mzaramo_Halisi

Natandika mkeka. Mkuu usitukimbie kama yule wa uzi wa mapango.

wakili_wa_kijiweni

Vita binafsi maana yake nini? Kulikuwa na watu wanaruhusiwa kupigana kihalali kabla ya hapo?

fundi_springi

Ndiyo mkuu. Wenyewe wanaita *Fehde*. Mtu huru akidhulumiwa na akakosa haki kwa njia ya kawaida, aliweza kumtangazia mbaya wake ugomvi rasmi. Sharti lilikuwa barua. Tangu sheria ya Kaisari ya mwaka 1356 barua ilitakiwa imfikie adui siku tatu kabla hujamgusa. Ukiwa umepeleka barua, kumchomea mazizi, kumchukulia ng'ombe, kuwakamata watu wake na kuwadai fidia, hiyo inahesabika vita. Bila barua wewe ni mwizi wa barabarani, unanyongwa.

Tofauti ya jambazi na bwana mkubwa ilikuwa karatasi moja yenye muhuri. Mwaka 1495 wakaifuta karatasi hiyo, lakini hawakuunda polisi. Mahakama ikawepo, wa kwenda kumkamata mtu hayupo. Kwenye ufa huo ndiko Götz aliishi.

Bi_Zuhura

Kaka fundi, tunataka mkono. Umetuitia mkono.

fundi_springi

Sawa dada, mkono huu hapa.

Mzee Konrad alifariki 1497, Götz akaisindikiza maiti mpaka nyumbani. Kisha akaingia utumishi wa mtawala wa Brandenburg-Ansbach, akaenda na majeshi ya Kaisari Burgundy, na mwaka 1499 kwenye vita na Waswisi. Hayo napita haraka, ni maisha ya kijana yeyote wa daraja lake.

Mwaka 1504 kukawa na ugomvi wa urithi wa Landshut, Bavaria. Ndugu wawili wa ukoo mmoja wa kitawala wanagombea mali ya marehemu, kila mmoja na marafiki zake. Götz alikuwa upande wa Albrecht wa München. Kaka zake wawili walikuwa upande wa pili. Wakiwa nje ya mji wa Landshut, watu wa Nürnberg wakafyatua mizinga kwenye msukosuko wa wapanda farasi waliochanganyika, rafiki na adui pamoja. Na Nürnberg walikuwa upande wa Götz! Risasi ya mzinga ikapiga kitako cha upanga wake, kikakatika, nusu yake ikazama mkononi pamoja na vipande vya vazi la chuma.

Anasimulia mwenyewe kwamba alitazama akaona kiganja kinaning'inia kwa ngozi tu na mkuki wake uko chini ya miguu ya farasi. Akajifanya hana kitu, akamgeuza farasi polepole, akarudi kwa wenzake bila kukamatwa. Alikuwa na miaka 24 au pungufu kidogo.

Akalala Landshut kuanzia mwisho wa Julai hadi karibu na Kwaresima. Kabaila asiye na mali, kazi yake pekee ni kushika silaha, na mkono wa kulia hauna kiganja. Anasema alimwomba Mungu amchukue. Halafu akamkumbuka askari mmoja aliyesikia habari zake zamani, jina lake Kochle, ambaye alikuwa na mkono mmoja na akafanya kazi vitani kama wengine. Akawaza kwamba hata angekuwa na mikono kumi na miwili, Mungu asipotaka yote ni bure. Hapo akaacha kuomba kifo, akaanza kutafuta fundi.

Na sasa nikae kwenye eneo langu. Mikono ipo miwili. Wa kwanza ni mwepesi, umetengenezwa kirahisi. Wa pili ndio ulionigandisha pale kwenye kioo: una uzito wa kilo moja na nusu hivi, kila kidole kina viungo, na ndani kuna magurudumu madogo ya meno na springi. Haujikunji wenyewe. Unakikunja kidole kwa mkono mzima, au unakisukuma kwenye meza, kinalia tak tak tak na kila jino kinang'ang'ania pale ulipokifikisha. Hakirudi. Ukitaka kuachia unabonyeza kitufe pembeni, springi inavirudisha vidole vyote.

Wenye magari mmeshanielewa. Ni hendibreki. Unavuta, meno yanakamata, unabonyeza kitufe, inaachia. Miaka mia tano iliyopita, tena kwenye ukubwa wa kidole! Nimefungua hendibreki nyingi maishani, sidhani kama ningeweza kuchonga meno yale kwa tupa na moto wa mkaa.

Chapombe_Mstaafu

Swali la msingi. Kikombe kilikuwa kinashikika?

fundi_springi

Kikombe kingeshikika, mzee. Hatamu za farasi ndiyo hasa kazi yake. Kiganja kinabana chochote ambacho mkono wa kushoto umekiweka ndani. Upanga wa kuzungusha sidhani. Kilo moja na nusu mwisho wa kigutu, imefungwa kwa mikanda ya ngozi, ukiizungusha kutwa unateguka bega. Mimi namwona anaongoza farasi kwa chuma na kufanya mengine kwa kushoto.

mtoto_wa_Pangani

Sasa akarudi vitani au akakaa ofisini?

fundi_springi

Akarudi, na ndiyo akawa maarufu. Mwenyewe anahesabu ugomvi kumi na tano uliokuwa wake mwenyewe, mbali na ule wa kuwasaidia marafiki.

Mfano ninaoupenda. Stuttgart kulikuwa na mshoni nguo anaitwa Hans Sindelfinger, fundi cherehani kabla ya cherehani kuwepo. Alikuwa mlenga shabaha mzuri. Akaenda mashindano ya kulenga shabaha Köln, akashinda zawadi ya gulden 100 (sarafu za dhahabu za wakati huo), watu wa Köln wakamzungusha, hawakumpa. Mshoni wa kawaida atafanya nini dhidi ya mji mkubwa kama ule? Akapelekwa kwa Götz. Götz akaandika barua kwa Köln, akatangaza ugomvi, kisha akawakamata njiani wafanyabiashara wawili wa Köln, baba na mwanawe. Ikaja mijadala, wasuluhishi, barua huku na huku. Mwisho Köln wakalipa gulden 1,000.

Deni la 100 limezaa 1,000. Mshoni alipata haki yake, lakini tusijidanganye nani aliyenufaika. Huyu ni dalali wa mahakama asiye na mahakama. Ananunua dai la mnyonge, dogo lakini la kweli, linampa sababu ya kuandika barua, na barua inampa ruhusa ya kukamata watu wenye fedha.

wakili_wa_kijiweni

Kwa hiyo kisheria tangu 1495 kila alichofanya ni kosa. Barua haina nguvu tena. Dalali wa mahakama ana amri ya hakimu, huyu ana muhuri wa baba yake tu.

fundi_springi

Sibishi mkuu, na dola halikubisha pia. Mei 1512 yeye na wenzake waliwavizia wafanyabiashara wa Nürnberg waliokuwa wanarudi kutoka maonyesho ya biashara ya Leipzig, wakawakamata karibu na Forchheim. Kwenye pilika hizo anasimulia kwamba waliwaona mbwa mwitu watano wanaingia kwenye kundi la kondoo la mchungaji mmoja, naye akafurahi akawatakia heri: heri kwenu, wenzangu wapendwa, heri kila mahali. Mzee wa miaka karibu themanini anasimulia hilo bila aibu. Mimi kwangu sentensi hiyo ina ukweli kuliko kurasa zote anazojitetea.

Mwenzake wa karibu kwenye ugomvi wa miaka hiyo aliitwa Hans von Selbitz, ambaye alikuwa na mguu mmoja. Wafanyabiashara wakaenda kulia kwa Kaisari Maximilian. Kwa mujibu wa Götz, Kaisari akawajibu: Mungu mtakatifu, hii ni nini? Mmoja ana mkono mmoja, mwingine ana mguu mmoja, wangekuwa na mikono miwili na miguu miwili mngefanyaje?

Alicheka, lakini sahihi aliweka. Götz akatangazwa yuko nje ya sheria, yaani mtu yeyote anaweza kumdhuru au kumchukulia mali bila kushtakiwa. Alitolewa kwenye hali hiyo mwaka 1514 baada ya faini ya gulden 14,000 kulipwa.

Ili mpate picha ya fedha hiyo: mwaka 1517 alinunua ngome ya Hornberg, juu ya mto Neckar, na mashamba yake, kwa gulden 6,500. Kwa hiyo faini ile ni ngome mbili na chenji. Fedha ya Hornberg ilitoka wapi? Mwaka 1516, wakati wa ugomvi wake na Askofu Mkuu wa Mainz, alimkamata bwana mkubwa mmoja, Philipp wa Waldeck, akamwachia kwa fidia ya zaidi ya gulden 8,000. Philipp alilipia ngome ya Götz bila kupenda. Na 1518 Götz akatangazwa tena nje ya sheria.

Bi_Zuhura

Huyo ni mtekaji kaka. Muite jina lake.

fundi_springi

Mtekaji, dada. Sikatai. Ninachosema ni mtekaji anayetunza faili.

Chapombe_Mstaafu

Mimi nimesikia kuna tusi lake. Wacha kuruka mambo muhimu.

fundi_springi

Haha. Mzee unanitafutia kufungiwa akaunti.

Kwenye ugomvi huo huo wa Mainz alifika usiku Krautheim, akachoma majengo chini ya ngome ya askofu. Msimamizi wa ngome akachungulia kutoka juu akamfokea. Götz akamjibu kwa sauti aje amlambe kwa nyuma. Hilo liko kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Mwaka 1773 Goethe, mwandishi mkubwa wa Kijerumani, akamtungia tamthilia na jibu hilo akalitia ndani kwa ukali zaidi, tangu hapo Mjerumani akitaka kutukana bila kutukana anataja tu jina la Götz. Jamaa wa gereji alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuomba likizo.

Mzaramo_Halisi

Nimetafuta jina mtandaoni nikaletewa kikosi cha SS cha Hitler. Ni yeye?

fundi_springi

Jina lake, siyo yeye. Manazi walikipa kikosi kimoja cha SS jina hilo na alama ya ngumi ya chuma. Mwenyewe alikuwa amekufa karibu miaka mia nne.

Tuendelee. Mwaka 1519 mtawala wa Württemberg, Ulrich, akagombana na Muungano wa Swabia. Huo ulikuwa umoja wa miji, maaskofu na watawala wa kusini, ulioanza 1488, na kwa kifupi ndio walikuwa polisi ambao sheria ya 1495 iliwasahau. Götz alikuwa mtumishi wa Ulrich, akakabidhiwa mji mdogo wa Möckmühl. Chakula kikaisha, risasi zikaisha, akakubali kutoka kwa ahadi ya kupita salama. Wakamkamata. Hajawahi kuwasamehe hilo: mtu aliyeishi kwa ahadi za maandishi kuvunjiwa ahadi mlangoni!

Wakampeleka Heilbronn, mji ule ule nilioishi mimi. Alikaa mfungwa kuanzia 1519 hadi 1522, ila siyo jela kama ya Keko. Usiku alilala mnarani ni mmoja tu, muda mwingine aliwekwa kwenye nyumba ya wageni chini ya ulinzi, kwa sababu marafiki zake wakubwa, Franz von Sickingen na Georg von Frundsberg, walifika na askari kuuliza hali yake. Akaachiwa kwa gulden 2,000 na kiapo kwamba hatalipiza kisasi kwa Muungano.

Wakati huo huo dunia yao ilikuwa inaisha. Sickingen alijaribu vita dhidi ya Askofu Mkuu wa Trier, mwaka 1523 mizinga ikaibomoa ngome yake ya Landstuhl na yeye ndani, akafa. Mwaka huo huo Muungano ukapita eneo la Franken ukabomoa ngome 23 za makabaila wadogo waliozoea mambo ya barabarani. Hornberg haikuguswa. Kiapo kilimfaa.

Bi_Zuhura

Na vita ya wakulima? Nakumbuka kulisoma hilo mahali, kwamba aliwaongoza halafu akawatoroka.

fundi_springi

Hapo ndipo penye kesi dada, nipe nafasi.

Mwaka 1525 wakulima wa kusini yote waliinuka. Madai yao yaliandikwa mji wa Memmingen kwenye ibara 12. Kazi za bure kwa bwana zilikuwa zimewachosha, hawaruhusiwi kuwinda wala kuvua samaki mtoni, na mwanamume akifa bwana anakuja kuchagua ng'ombe bora zizini wakati mjane bado analia. Fikiria hilo la mwisho peke yake.

Siku za Pasaka wakauteka mji wa Weinsberg, karibu kabisa na Heilbronn. Wakamkamata Ludwig wa Helfenstein, ambaye mkewe alikuwa binti wa nje ya ndoa wa marehemu Kaisari Maximilian, wakampitisha katikati ya safu mbili za mikuki mpaka akafa. Kila kabaila akaingiwa na homa. Wiki chache hazijapita, kundi la wakulima wa Odenwald na bonde la Neckar wakamfanya Götz kamanda wao.

Yeye anasema alilazimishwa, na alikubali kwa muda wa wiki nne tu. Alikuwa nao walipopora nyumba ya watawa Amorbach, akaenda nao Würzburg kuzingira ngome ya askofu, ambayo haikuanguka. Mwisho wa Mei, jeshi la Muungano likikaribia, wiki nne zikatimia. Akaondoka. Tarehe 2 Juni wakulima wakakutana na lile jeshi Königshofen, wakachinjwa. Kwa vita yote waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 70,000 na 100,000.

Bi_Zuhura

Wiki nne zikatimia! Jamani.

wakili_wa_kijiweni

Mkataba wa muda maalumu. Hana kosa la kuvunja mkataba.

Bi_Zuhura

Wakili usinichekeshe. Wenzake wanakwenda kufa yeye anaangalia kalenda.

fundi_springi

Mimi nipo karibu na dada Zuhura, ila kuna kitu. Sidhani kama alilazimishwa kwa kiasi anachosema. Angeweza kukimbilia Heidelberg kwa mtawala wa huko, wengine walikimbia. Nadhani aliona kazi anayoiweza. Alipofika tu, mapema Mei, yeye na Wendel Hipler, aliyewahi kuwa karani wa mabwana wa Hohenlohe, wakatoa tamko la Amorbach: karatasi inayolegeza zile ibara 12, kusogeza baadhi ya madai mbele mpaka yaamuliwe, na kukataza uporaji. Wakulima wengi wakachukia, kuna waliotaka kumuua. Ameingia kwenye mapinduzi na wazo la kwanza lililomjia ni kuandika makubaliano. Alidhani wakulima wana dai kama la mshoni wa Stuttgart, litakwenda kwa wasuluhishi na kulipwa. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwamba wale watu hawakuwa wanadai gulden 100.

Oktoba 1526 alifutiwa tuhuma za vita ya wakulima huko Speyer. Muungano haukuridhika. Wakamshika njiani, wakamwapisha kwamba akiitwa atakuja. Novemba 1528 akaitwa Augsburg. Akaenda mwenyewe, kwa farasi wake. Wakamfungia hadi 1530.

mtoto_wa_Pangani

Alienda mwenyewe?? Si angeruka?

fundi_springi

Aliapa, kijana. Na hapa ndipo sehemu ambayo hakuna anayeisimulia kwa sababu hakuna upanga.

Masharti ya kumtoa Augsburg yalikuwa hivi: hatatoka nje ya mipaka ya ardhi ya Hornberg. Hatalala usiku hata mmoja nje ya ngome yake. Hatapanda farasi tena.

Hatapanda farasi. Mtu aliyeacha shule kwa ajili ya farasi, aliyetengenezewa mkono wa kushika hatamu. Na alitii. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mwaka 1534 Muungano wenyewe ukavunjika, waliomwapisha wakatawanyika, hakuna tena wa kumkagua. Akaendelea kutembea kwa miguu kwenye mashamba yake ya mizabibu. Kwa jumla ni kama miaka kumi, mpaka Kaisari Karl V alipomfungulia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Woga? Alikuwa na woga mdogo kwa viwango vyangu. Nadhani ni kwa sababu kiapo ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kuuza. Kabaila wa aina yake hana jeshi, hana mji, mapato ni ya magunia. Akisema neno na likawa neno, watu watamlipa fidia, watamwachia, watamkabidhi Möckmühl. Akivunja mara moja, anakuwa jambazi mwenye kilema. Mtekaji yule yule aliyewatakia mbwa mwitu heri. Vyote viwili vilikaa kwenye kichwa kimoja, mimi sijaweza kuvitenganisha.

Bi_Zuhura

Aliwaapia wenye nguvu akatii. Wakulima hawakumwapisha vizuri tu.

fundi_springi

Dada, hilo sina jibu lake.

Mzaramo_Halisi

Malizia mkuu, wengine kesho tuna kazi. Alikufaje?

fundi_springi

Kitandani. Kaisari alipomfungulia alikuwa kwenye sitini hivi, na akarudi kwenye farasi kana kwamba hakuwahi kushuka. Mwaka 1542 alikusanya wapanda farasi mia moja akaenda Hungaria dhidi ya Waturuki. Mwaka 1544 alikuwa na jeshi la Kaisari Ufaransa. Baada ya hapo Hornberg moja kwa moja.

Alioa mara mbili, wake wote wawili jina Dorothea, kwa hiyo hata akiota usiku hakukosea. Watoto kumi, saba wa kiume na watatu wa kike. Mnaona tatizo la urithi lilivyorudi mlangoni.

Miaka ya mwisho, akiwa karibu kipofu, alimwita mwandishi akaanza kumsimulia maisha yake kwa mdomo, akijibu waliosema vibaya juu yake, hasa habari za wakulima. Hati hiyo ilikaa mikononi mwa watu karibu miaka 170, ikachapwa Nürnberg mwaka 1731. Ndiyo, Nürnberg. Wale wale waliompiga mzinga, ambao naye akawateka, ndio waliomchapishia kitabu. Alifariki Hornberg tarehe 23 Julai 1562, akiwa na zaidi ya miaka themanini, akazikwa kwenye nyumba ya watawa ya Schöntal, siyo mbali na Jagsthausen.

mtoto_wa_Pangani

Walimzika na mkono?

fundi_springi

Hapana. Mikono ilibaki, ndiyo hiyo niliyoiona, na ngome ya Jagsthausen bado iko chini ya ukoo wake. Hornberg ilishauzwa zamani kwa ukoo wa Gemmingen, wanatengeneza mvinyo pale mpaka leo. Nilikunywa glasi moja. Kwa mkono wa kushoto, kwa heshima ya mwenye nyumba, nikaimwagia nusu kwenye shati.

Chapombe_Mstaafu

Sasa ndiyo umeanza kuongea. Mvinyo mweupe au mwekundu?